Punda Hapandi kwa Kelele

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami. Ukishaliacha bonde la Mto Pangani na mashamba yake ya mkonge, udongo unageuka mwekundu, miti inapungua kimo, na Milima ya Usambara inabaki nyuma ikififia kwenye joto. Unapita Sindeni, unapita Misima, kisha unaingia mji wa Handeni wenyewe, ambao wengi bado wanauita Chanika. Kando ya barabara hukosi punda. Wanakwenda wanne au watano kwa mstari, madumu ya njano yakiwaning'inia mbavuni, na nyuma yao mwanamke au mtoto mwenye kijiti asichokitumia. Handeni ina historia ndefu ya kiu. Bomba kuu la Handeni, linaloitwa HTM, huchukua maji ya Pangani kule Korogwe na kuyasukuma hadi huku, lakini vipo vijiji ambavyo bomba limevipita mbali, na umbali uliobaki unamalizwa na miguu ya punda.

Safari hii niliifunga kwa sababu ya punda hao na ng'ombe wa minadani. Nilitaka kuona wanavyopandishwa kwenye malori.

Jambo lenyewe liliniingia kichwani Arusha, kwa watu wanaofuga farasi wa kupandwa na watalii. Waliniambia kuwa kinachowatoa jasho si kumzoesha farasi hatamu wala tandiko. Ni kumwingiza kwenye tela. Farasi mpole, anayekubali kupigiliwa viatu na kuchomwa sindano, akifika mlangoni mwa tela anakataa katakata. Ukimlazimisha anasimama kwa miguu ya nyuma, anajigonga kichwa, au anamvunja mtu mbavu. Kwa hiyo kazi hiyo wameifanya fani. Wanaianza wiki kadhaa kabla ya safari: tela linaegeshwa uwanjani, mlango wazi, majani ndani, na farasi anazoeshwa hatua moja moja hadi tela analiona ni sehemu ya zizi lake. Nilipokuwa nawasikiliza, mawazo yalikwenda kwenye malori yanayopita Segera usiku kuelekea Pugu na Vingunguti, Dar es Salaam, yamejaa ng'ombe, utingo amekaa juu ya vyuma na fimbo mkononi. Wale nao walipandishwa mahali. Nani aliwazoesha?

Farasi mwenyewe huku Uziguani, nchi ya Wazigua, hutamwona. Pori hili tangu zamani ni la mbung'o, na mbung'o hubeba vijidudu vya nagana, ambavyo farasi havimwachi. Tena kuna ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na visubi, nao unaua upesi zaidi. Juni 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalipoteremka kando ya Pangani yakaingia Korogwe, kisha Handeni, yakimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, yalikuja na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Katika Vita Kuu ile ya Kwanza farasi na baghala walikufa kwa maelfu, wengi wao bila kuguswa na risasi, na mizigo ikaishia vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika, ambao nao walikufa kwa maelfu. Kwa hiyo ukitaka kumsoma farasi huku, unamsoma kupitia ndugu yake. Punda ana masikio marefu zaidi na sifa mbaya zaidi, lakini kwa maungo na kwa macho ni watu wa ukoo mmoja.

Wanatofautiana katika woga, na tofauti hiyo inafaa kujulikana na kila mwenye kamba mkononi. Farasi akiogopa anakimbia kwanza, anafikiri baadaye. Punda akiogopa anasimama. Asili yake ni nchi kame za kaskazini mashariki ya Afrika, zenye mawe na majani haba, ambako walikuwa hawaishi kwa makundi makubwa. Mnyama wa pale akikimbia ovyo anavunjika mguu, kwa hiyo anaganda, anatazama, anapima. Sisi tunamwona ameganda tunasema mkaidi. Nadhani hakuna mnyama aliyesingiziwa kuliko punda katika lugha yetu. Methali zenyewe zimemsema vibaya: shukrani zake mateke, na afe yeye, mzigo ufike.

Mnada nilioanza nao ulikuwa upande wa Handeni, siku ya jua kali. Asubuhi ni biashara: wafugaji wa Kimasai na shuka zao nyekundu, Wazigua waliokuja na mbuzi wawili watatu, madalali wanaopapasa nundu na kufinya mbavu, wanunuzi wa Dar es Salaam na simu masikioni, mama lishe na masufuria yao, afisa mifugo na meza yake ya vibali. Bei zinasemwa kwa sauti ya chini, wakati mwingine kwa vidole tu. Kelele huanza alasiri, malori yakirudi nyuma kuelekea ngazi ya kupakilia.

Ngazi yenyewe ilikuwa ya magogo na mbao, imepanda kwa mwinuko mkali. Kati ya ncha yake na bodi la lori palibaki ufa mpana, kiganja kizima kinapita. Nilisogea nikachungulia. Chini ya ufa ule ardhi ilikuwa inang'aa kwa jua, na ndani ya lori, chini ya turubai, ni giza. Pembe moja ya turubai ilikuwa imefunguka, inapigwapigwa na upepo.

Wa kwanza kupandishwa alikuwa maksai mweusi mwenye pembe pana. Alipanda vizuri hadi juu. Alipofika kwenye ufa akasimama, akainamisha kichwa, akapuliza pumzi kwenye mbao. Alihitaji nusu dakika, hakupewa. Fimbo ilimshukia kiunoni, mtu wa pili akamshika mkia akaupinda, na wa tatu akaparamia ubavu wa lori akawa anagonga vyuma kwa rungu, kule kule mbele ambako maksai alitakiwa aende. Maksai akageuka. Wenzake waliobanwa nyuma yake wakageuka nao, watu wakaruka ua. Wakaanza upya. Safari nyingine mtamba mwekundu akateleza kwenye mavi yaliyokwisha lowanisha mbao, na mguu wake wa nyuma ukazama kwenye ule ufa hadi gotini. Walimtoa kwa kumnyanyua mkia na kumsukuma. Akaingia ndani akichechemea, damu inamtoka juu ya ukwato.

“Atafika tu,” akasema mmoja wao.

Ninachotaka kusema ni kwamba yule maksai hakuwa amegoma. Alikuwa anasoma. Macho ya ng'ombe, kama ya farasi na ya punda, yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu duara zima kumzunguka, isipokuwa kipande kidogo mbele ya pua na kingine nyuma ya mkia, lakini sehemu kubwa ya anachokiona anakiona kwa jicho moja moja, na jicho moja halipimi kina vizuri. Ufa wa kiganja unaweza kuwa shimo lisilo na mwisho. Ili ajue lazima ainamishe kichwa, atumie macho yote mawili, anuse. Tena macho yake yanachelewa kuzoea giza akitoka kwenye mwanga mkali, kwa hiyo tunachomwambia apande ni ukuta mweusi wenye kitu kinachopigapiga. Ukimchapa wakati ule ameinama, umemwambia jambo moja la hakika: mahali hapa pana maumivu.

Mtu aliyelifanyia kazi jambo hili maisha yake yote ni Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa 1947, mwenye usonji, profesa katika chuo kikuu cha jimbo la Colorado. Alipokuwa kijana aliingia mwenyewe kwenye vichochoro vya kupitishia ng'ombe, akainama hadi kimo cha macho yao, akapiga picha alichokiona. Alikuta vitu ambavyo wenye ranchi walikuwa wanavipita kila siku: mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa kwenye ua, dimbwi la maji linalomeremeta, kivuli kilichokata njia, mtu aliyesimama mbele. Vikiondolewa, ng'ombe wale wale waliokuwa wakipigwa wanatembea wenyewe. Huhitaji kwenda Colorado kulihakikisha hilo. Nenda mnada wowote, inama, tazama.

Kinachonisikitisha zaidi ni kuwa elimu hii wafugaji wetu wanayo tayari. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayechunga porini Handeni anajua kuwa ukisimama nyuma kidogo ya bega la ng'ombe anakwenda mbele, na ukipita mbele ya bega hilo anarudi nyuma. Anajua kuwa ukimsogelea mno anakimbia, na ukirudi hatua mbili anatulia. Anaongoza mifugo ya baba yake kwa mluzi na kwa mahali anaposimama. Mtoto huyo huyo akifika kwenye ngazi ya lori anapewa fimbo na kuambiwa achape, kwa sababu pale ameingia mtu wa tatu, dereva, ambaye analipwa kwa safari na anataka awe amefika Dar kabla jua halijawa kali.

Haraka hiyo ina hesabu yake mbaya, ingawa nani anailipa haionekani palepale. Ng'ombe aliyepigwa anafika na michubuko, na nyama iliyovilia damu hukatwa ikatupwa. Ng'ombe aliyehangaika saa nyingi anamaliza akiba ya sukari iliyo katika misuli yake, na akichinjwa nyama yake inatoka nyeusi, kavu, na haikai muda mrefu bila kuharibika. Aliyevunjika mguu anauzwa kwa bei ya kutupa. Mfugaji wa Handeni haoni hasara hiyo kwa sababu amekwisha lipwa, na dereva haioni kwa sababu amelipwa kwa safari. Inameza faida ya mnunuzi, naye safari ijayo anaikata kwenye bei ya mfugaji. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya 2008, na usafirishaji umo ndani yake. Sijaona nakala yake imebandikwa kwenye ngazi yoyote ya kupakilia.

Handeni, tangu Juni 2022, imepokea pia malori ya aina nyingine: yale yaliyoleta familia kutoka Ngorongoro kuja Msomera, mwendo wa karibu kilomita 600, pamoja na mifugo yao. Kuhama kwenyewe kuna wanaosema walikuja kwa hiari na kuna wanaosema watu walisukumwa, na mabishano hayo hayaishi katika makala ya namna hii. Nilichouliza mimi ni habari za barabarani. Mfugaji mmoja aliniambia kuwa ng'ombe waliopigwa sana wakati wa kupanda ndio waliolala chini ndani ya lori, na anayelala chini ndani ya lori anakanyagwa na wenzake. Wanyama wale walitoka kwenye baridi ya nyanda za juu wakashushwa kwenye joto la nyika, miguu ikitetemeka. Punda, alisema, walishuka salama kuliko wote. Nilipomuuliza kwa nini, akanielekeza kwa dada yake aliyeolewa kijiji kingine huku huku Handeni, kwa Waparakuyo, ambao wameishi wilaya hii vizazi vingi kabla ya jina la Msomera kuingia kwenye magazeti. “Punda ni wa wanawake,” akasema. “Waulize wanawake.”

Ni kweli. Katika boma la Kimasai ng'ombe ndiye anayeimbiwa, lakini punda yuko mikononi mwa mama wa nyumba. Ndiye anayembebesha maji, kuni, mahindi ya kusaga, na nyumba nzima wakati wa kuhama.

Nilimkuta mama huyo, dada wa yule mfugaji, akijiandaa kupeleka punda watatu kwa binti yake, ambaye ameolewa upande wa Korogwe, kwenye tambarare chini ya Usambara ukielekea Mombo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama nimekuja kununua. Nikasema nimekuja kutazama. Aliniangalia muda kidogo kisha akaniambia nikae mahali ambapo punda wataniona tangu sasa, nisije nikatokea ghafla asubuhi.

Lori lilifika jioni, Fuso ya kawaida iliyokuwa imebeba mahindi. Mama hakutaka wapande siku ile. Alimwomba dereva arudi nyuma hadi kwenye ukingo wa korongo kavu lililo nyuma ya boma, ambako ardhi yenyewe inafika karibu na kimo cha bodi, na aliache hapo mpaka asubuhi, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Pengo dogo lililobaki akalifunika kwa mlango wa zamani wa mbao, akaukanyaga mara kadhaa, akaupigia mawe chini hadi ukaacha kucheza. Kisha akachukua karai, akazoa samadi na majani makavu kutoka kwenye zizi la punda wale wale, akamwaga sakafuni mwa lori. Dereva alinung'unika kuhusu usafi. Mama akamjibu kuwa usafi utakuja Korogwe; leo anataka lori linuke nyumbani.

Pumba za jioni aliwapa pale juu ya mlango wa mbao. Punda jike mkubwa alinyoosha shingo mpaka ikafika mwisho, akala akiwa amesimama kwenye udongo, tayari kurudi. Hakuna aliyemsogeza.

Alfajiri, kabla jua halijaingia machoni, alianza na jike huyo. Nilikuwa karibu nao, nikaona kila kitu. Kamba ilikuwa shingoni na puani kwa fundo jepesi, na mama ameishika na ulegevu kidogo. Hakumtazama punda usoni. Alitembea ubavuni mwake, sawa na bega, akitazama mle ndani ya lori anakokwenda. Jike alipofika kwenye mbao akasimama. Mama akasimama. Sikio la kushoto la punda lilikuwa kwa mama, la kulia linaelekea ndani. Akashusha pua, akanusa mbao, akapuliza. Akainua mguu wa mbele wa kulia, akagonga mbao kwa ukwato, ikatoa sauti, akaurudisha. Mama hakuvuta. Akagonga tena. Safari ya tatu aliuacha ukwato pale pale, na mara ile uzito ulipoanza kuuhamia mguu huo, kidole cha mama kikailegeza kamba zaidi. Hiyo ndiyo siri yote ya wale watu wa farasi wa Arusha, wanaoilipia ada: kamba inakaza kidogo kuuliza, inalegea pale pale mnyama anapojibu. Ukichelewa kuilegeza, amekujibu bure. Mama huyu hakufundishwa na mtu yeyote mwenye cheti.

Mguu wa pili, kisha pumziko. Kisha, bila dalili yoyote ya ziada, jike akaingia kwa hatua nne za haraka na kwato zikinguruma sakafuni, akageuka ndani, akaanza kula. Mtoto wake, asiyefungwa kamba, akamfuata kwa mruko mmoja. Punda huwa na mwenzake. Ukiwatenganisha wawili waliozoeana, mmoja anaweza kuacha kula, na punda akiacha kula siku chache tu mafuta ya mwili wake hufurika kwenye damu na kumuua. Madaktari wa mifugo wanaujua ugonjwa huo vizuri. Kwa hiyo kupanga nani apande wa kwanza na nani amfuate si mapambo.

Dume ndiye aliyekataa. Alifika kwenye mbao akakita miguu yote minne chini, akainua kichwa, akalia kilio kile kinachokwaruza anga. Jike akamjibu kutoka ndani. Hakusogea. Mama akamzungusha, akamtembeza duara pana kwenye majani, akamrudisha. Akasimama pale pale. Dereva akachomoa fimbo nyuma ya kiti.

“Mama, tunachelewa. Afe punda, mzigo ufike.”

“Kaka, mzigo wenyewe leo ni punda,” akasema mama. “Weka fimbo chini. Ukimpiga hapa, safari nyingine ataanza kukataa akiwa bado zizini.”

Akamzungusha tena, safari hii akitazama punda anatazama wapi. Kisha akamgeukia dereva, ambaye tangu mwanzo alikuwa amesimama mdomoni mwa lori, upande wa kulia, mkono mmoja umeshika chuma.

“Wewe ndiye uliyefunga mlango. Hebu shuka, pita kule nyuma yetu. Mbali. Usimsogelee.”

Dereva akashuka. Dume akamfuata kwa sikio mpaka alipopita nyuma ya bega lake, akashusha kichwa, akanusa mbao mara moja, akapanda. Watoto walioketi juu ya ukingo walicheka, mama akawanyamazisha kwa mkono mpaka mlango wa nyuma ulipofungwa na kufuli kuingia.

Niliomba kiti cha mbele. Dereva, mtu wa Korogwe mwenyewe, aliendesha akiwa kimya hadi tulipoingia kwenye lami, kisha maneno yakamtoka mengi. Amebeba ng'ombe miaka mingi. Anajua kuwa ukikata kona kwa kasi wanaangukiana, ukifunga breki ghafla wanarundikana mbele, na matuta ya barabarani ukiyaruka ndiyo yanayovunja miguu. Tajiri wake anayajua hayo pia. Ila hakuna anayemlipa kwa kwenda polepole, na kwenye mnada ukikawia kupakia unapoteza zamu na lori la nyuma linapiga honi. Sikuwa na la kumpinga. Niliona hata hivyo kwamba siku ile aliyapanda matuta ya Misima kwa gia ya kwanza, na Sindeni alisimama bila kuombwa, akapanda ubavuni mwa lori kwa utaratibu, akachungulia. Wote watatu walikuwa wamesimama, miguu imetanuka, dume ameegemeza shavu mgongoni mwa jike.

Tukaongea bei. Punda alikuwa mnyama asiyeulizwa thamani yake mpaka ngozi yake ilipoanza kutafutwa na Wachina kwa ajili ya dawa inayoitwa ejiao, inayochemshwa kutokana na ngozi hiyo. Yalijengwa machinjio Dodoma na Shinyanga, wizi wa punda ukaenea, na 2022 serikali ikasimamisha uchinjaji huo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuuzuia bara zima. Dereva alikuwa ameyasikia kwa mbali. Aliniambia alichokiona kwa macho yake: akina mama waliobaki na ndoo kichwani kwa sababu punda wao waliibwa usiku. Kwa mama kama yule wa leo, mnyama mmoja akivunjika mguu kwenye ngazi ya lori ni maji ya nyumba nzima yamemwagika, kila siku, mpaka apatikane mwingine.

Tulivuka Pangani tukaingia Korogwe saa za chai. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika mji huu 1902, ikafika Mombo 1905, na katika enzi za reli stesheni za kupakilia mifugo zilijengewa majukwaa yenye kimo cha behewa. Mnyama alikuwa anatoka ardhini anaingia behewani akitembea tambarare. Malori yalipoichukua kazi hiyo yalikuja kila mahali ila hayakuja na majukwaa. Nafikiri hapo ndipo fimbo ilipopata kazi yake. Lori linafika popote, hata chini ya mwembe, na mnyama anatakiwa apande kimo cha kifua cha mtu kwa njia yoyote itakayopatikana.

Kwa mkwe wa mama, mbele kidogo ya mji, hapakuwa na ukingo wala ngazi. Palikuwa na uwanja wa mchanga na watu wa kutosha, na wazo la kwanza la vijana lilikuwa kuwasukuma waruke. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Punda haoni vizuri chini ya miguu yake, na akiruka kwenye mchanga mguu wa mbele ndio unaopokea mwili mzima. Dereva ndiye aliyekataa, kabla sijafungua mdomo. Akazunguka uwanja na Fuso yake akitafuta mwinuko, akaupata kwenye tuta la mfereji nyuma ya nyumba, akarudi nyuma mara nne mpaka bodi likakaribiana nalo. Mlango wa mbao wa mama tulikuwa tumekuja nao. Akauweka, akaukanyaga, akapiga mawe chini, akaenda kusimama mbali. Jike alichungulia, akanusa, akashuka akiwa anatafuna. Mtoto akafuata, kisha dume, aliyefika chini akajigaragaza mchangani miguu juu.

Binti alikuja na ndoo ya maji, akawaacha wanywe kabla ya kuwashika. Mkwe alikuwa bado anatazama tuta. Aliuliza kama linaweza kujengwa likawa la kudumu, kwa sababu majirani nao wanapakia mbuzi na ng'ombe kila mwezi na wote wanateseka. Dereva akachukua kamba, akapima kimo cha bodi: mita 1 na sentimita 20. Nikamwambia ninachokijua, kwamba mwinuko usizidi nyuzi 20 hivi, kwa hiyo kwa kimo hicho njia iwe na urefu wa mita 3 na nusu kwenda juu, na udongo ushindiliwe, na pande zake mbili zizibwe ili mnyama asione watu wanaopita. Mkwe akasema mawe yapo kwenye shamba la mkonge lililoachwa, shida ni kuyaleta. Dereva akasema wiki ijayo anarudi Handeni bila mzigo, atayapitia, wamlipe dizeli tu. Wakaanza kubishana ni lita ngapi.